Namna ya Kukokotoa Uthabiti wa Pete Nyembamba ya Uranus

Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita hapa Mwanza, ambako mawingu ya ziwa mara nyingi hufunika anga wakati wa masika, pete za Uranus huchunguzwa vizuri kwa kikokotoo na daftari. Hata waliozigundua mwaka 1977 walizitambua kwa kufifia kwa mwanga wa nyota moja, pete hizo zilipopita mbele yake.

Chukua pete ya Epsiloni, iliyo wastani wa kilomita 51,149 kutoka kitovu cha sayari. Pandisha umbali huo kwenye kipeo cha 3, gawanya kwa 5,794,000 (kanuni ya uvutano G mara tungamo la Uranus, kwa km³/s²), tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2π. Utapata takriban sekunde 30,200, yaani saa 8.39 kwa mzunguko mmoja.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito. Upana wa pete hii hubadilika kati ya kilomita 20 na 96 hivi, tumia 58. Zidisha kwa 1.5 (kwa kuwa kasi ya kuzunguka hupungua kwa kipeo cha 1.5 cha umbali), gawanya kwa 51,149, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo: baada ya mizunguko 588 hivi, sawa na siku 205, chembe ya ukingo wa ndani itakuwa imeizidi ya nje mzunguko mzima. Kuzidiana huko peke yake hakupanui pete. Kinachoipanua ni chembe kugongana, kwani nishati hupotea na pete hutanuka pande zote mbili. Kwa hiyo usiandike kwamba pete ni thabiti kabla hujaonyesha kinachoizuia.

Mwaka 1979 wanasayansi wa anga Peter Goldreich na Scott Tremaine walipendekeza kuwa kizuizi ni miezi midogo, na mwaka 1986 chombo cha angani Voyager 2 kikaikuta Cordelia upande wa ndani na Ophelia upande wa nje. Huibana pete kama Wasukuma wawili wanaoswaga ng'ombe kutoka pande mbili, ingawa kani yao ni ya kuvuta: Cordelia, yenye kasi zaidi, huziongezea chembe momenta ya mzunguko (kiasi cha mwendo wa kuzunguka) na kuzipeleka nje, ilhali Ophelia huzipunguzia na kuzirudisha ndani. Hakiki mwenyewe: saa 9.03 za Ophelia mara 13 ni karibu sawa na saa 8.39 mara 14, kwa kuwa ukingo wa nje umekaa kwenye uwiano huo. Kwa Cordelia, yenye saa 8.04, linganisha mizunguko 25 na 24 ya ukingo wa ndani.

Limebaki umbo la duaradufu la pete, ambalo mhimili wake hugeuka nyuzi 1.36 kwa siku. Zidisha 1.36 kwa 3.5 (kipeo cha umbali ambacho kasi ya kugeuka huko hupungua nacho) na kwa 58, gawanya kwa 51,149, kisha gawanya 360 kwa jibu hilo: kingo mbili zingepishana kabisa ndani ya miaka 180 hivi, kama uvutano wa chembe zenyewe usingezishikilia pamoja.