Somo: Hatua za kujiunga na utafiti wa kitabibu kuhusu mlo na ovari zenye vifuko vingi

Wanawake wengi wenye ovari zenye vifuko vingi, hali inayojulikana kliniki kwa kifupi cha PCOS, huambiwa wabadilishe mlo na wapunguze uzito, kisha huachwa waende nyumbani bila maelezo zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali hii huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unakubali kwamba kula vizuri kunasaidia, ila hakuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine. Pengo hilo litazibwa na wanawake watakaokubali kufuatiliwa wanachokula, wakiwemo wa kwetu wanaokula ugali, wali wa nazi na mihogo. Ndiyo maana ninawahimiza wanaoweza wajiunge na utafiti wa aina hii, lakini wajiunge wakijua wanachokubali.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa wenyewe. Picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi. Vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 vinataka angalau mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Daktari hupaswa pia kuondoa shaka ya matatizo ya tezi ya shingo na ya prolaktini, homoni inayochochea maziwa ya mama. Vifuko hivyo ni vifuko vya mayai ambayo hayakukomaa. Si saratani, wala si uvimbe wa kusafishwa kwa dawa za kunywa zinazouzwa mitaani.

Hatua ya 2: Uliza kibali. Utafiti halali una namba ya usajili, kwa mfano katika sajili ya majaribio ya kitabibu ya Afrika iitwayo PACTR, na una idhini ya kamati ya maadili. Tanzania Bara idhini ya kitaifa hutolewa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), Zanzibar kuna ZAHRI (Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar), na Kenya mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) pamoja na kibali cha kamati ya maadili. Mtu anayekutaka ununue unga wa lishe ili "ushiriki utafiti" ni mfanyabiashara, hata akivaa koti jeupe.

Hatua ya 3: Uchujaji. Utapimwa uzito, urefu, kiuno na shinikizo la damu, na utatolewa damu ukiwa hujala tangu usiku. Mara nyingi utanyweshwa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa sababu wengi wetu wenye PCOS miili yetu haiitikii ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Wajawazito, wenye kisukari na wanaotumia metformini (dawa ya kushusha sukari) au vidonge vya uzazi wa mpango mara nyingi hawachukuliwi. Tafadhali usiache dawa yoyote kimyakimya ili ukubaliwe. Zungumza kwanza na daktari aliyekuandikia.

Hatua ya 4: Fomu ya ridhaa. Hapa usikubali kuharakishwa. Omba fomu ya Kiswahili, ichukue nyumbani, isome na mtu unayemwamini, kisha rudi na maswali yaliyoandikwa. Uliza damu yako itahifadhiwa kwa muda gani na kama itasafirishwa nje ya nchi; nani ataona majina na picha zako; ukipata madhara nani atagharimia matibabu; na ikigundulika una kisukari, utaelekezwa wapi. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, kwa hiyo maswali haya ni haki yako, wala si ubishi. Fomu lazima iseme kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa huduma yako ya kawaida. Kama sentensi hiyo haimo, usisaini.

Hatua ya 5: Mgawanyo wa makundi. Kundi utakaloingia huamuliwa kwa bahati nasibu. Huenda ukapewa mlo mpya, au ushauri wa kawaida tu. Wanaopangiwa ushauri wa kawaida huvunjika moyo, ilhali bila wao hakuna wa kulinganisha naye.

Hatua ya 6: Daftari la chakula. Hii ndiyo kazi yako halisi, na ndiyo inayoamua kama utafiti utafaa kitu. Andika palepale unapokula: vipande vingapi vya chapati, vijiko vingapi vya sukari kwenye chai, mafuta kiasi gani, hata andazi la njiani. Siku uliyokwenda kinyume na mpango iandike vilevile, maana mtafiti anayepokea madaftari yaliyopambwa atatangaza kwamba mlo fulani unafaa au haufai kwa msingi wa chakula ambacho hakuna aliyekila, na wanawake watakaokuja baada yetu watashauriwa kwa uongo huo.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Swali kutoka Morogoro: Je, ni lazima mume wangu asaini?*
Hapana, dada. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hujitolea ridhaa mwenyewe. Kumshirikisha mumeo ni vizuri, hasa kwa vile chakula cha nyumbani kitabadilika, lakini saini yake haihitajiki.

*Swali kutoka Mombasa: Utafiti ukiangukia Ramadhani nifanyeje?*
Waeleze watafiti kabla ya kusaini, kwa sababu saa za kula na vyakula vya futari hubadilisha vipimo vya sukari. Kama unatumia dawa, daktari apange upya saa zake kati ya futari na daku.

*Swali kutoka Tanga: Kwetu tunakula sinia moja. Nitapimaje?*
Pakua sehemu yako kwenye sahani kabla ya wengine kuanza, kisha uandike. Mtaalamu wa lishe akuoneshe kipimo kwa vikombe na vijiko vya jikoni kwako.

*Swali kutoka Nakuru: Nitalipwa?*
Kwa kawaida hurudishiwa nauli na kufidiwa muda wako. Wewe hupaswi kutozwa chochote kwa vipimo vya utafiti.

*Swali kutoka Dodoma: Sijashika mimba kwa miaka mingi. Kuna haja ya kinga ya mimba wakati wa utafiti?*
Ipo, kama hukusudii mimba sasa. Mlo na uzito vikirekebishika, yai linaweza kuanza kupevuka tena kabla hata hujaona hedhi imetulia. Kama unataka mtoto, sema mapema, kwani baadhi ya tafiti humtoa mshiriki anayeshika mimba na nyingine huendelea kumfuatilia. Hedhi ikichelewa, pima, kisha mpigie muuguzi wa utafiti siku hiyohiyo.