Hesabu pingili mara ya pili, mfupa ukishaonekana

Mimi ni mpiga eksirei wa chumba cha upasuaji. Kwenye mgongo, kazi yangu kubwa ni kuhesabu. Pingili za shingo kwa kawaida ni 7, za kifua 12, za kiuno 5. Hilo "kwa kawaida" ndilo lililotuponza.

Tulimpokea mama mwenye diski (mto laini ulio kati ya pingili mbili) iliyobana mshipa wa fahamu, na ripoti ya MRI, picha ya sumaku, ilisema L4 na L5, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Kiuno chake kilikuwa na pingili 6. Aliyesoma MRI alihesabu kutoka juu, sisi tukahesabu kutoka sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, kwenda juu. Tukafungua nafasi moja chini ya ile yenye ugonjwa, tukakuta diski nzima. Tulipiga picha upya na daktari akatibu palipostahili, lakini kidonda kilirefuka, na kesho yake ilibidi mama aelezwe ukweli wote. Uso wake sijausahau.

Kwa hiyo, siku moja kabla, naomba eksirei ya kiuno kizima mpaka sakramu niiweke kando ya MRI. Daktari na mimi tunakubaliana tunaanzia wapi, kisha tunaandika ubaoni kwa maneno, si kwa namba tupu: "diski ya pili kutoka sakramu." Kama kuna pingili iliyoota kipembe kinachoonekana kwenye picha zote mbili, hiyo ndiyo alama bora.

Kifua ni kigumu zaidi. Miiba ya nyuma ya pingili huko imelala kuelekea chini, kwa hiyo unachokigusa kwa kidole kiko usawa wa pingili inayofuata chini yake. Picha ya kifua isiyoonyesha shingo wala sakramu haihesabiki, irudiwe. Shingo ya chini hufichwa na mabega: yavuteni chini kwa plasta kabla ya kupiga.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ya 2008, hutusimamisha kabla ya kuchana ngozi. Tuifuate, ila pingili haionekani wakati huo. Simameni tena mfupa ukishafunuliwa. Daktari aweke chombo cha chuma kwenye mfupa wenyewe, maana sindano kwenye ngozi au msuli huhama. Piga picha ya ubavuni. Daktari ahesabu kwa sauti, nawe uhesabu peke yako bila kumfuata. Picha ikiwa na ukungu, kama kwa mgonjwa mnene au mwenye mifupa iliyopungua madini, hakuna kukata, piga nyingine.

Ihifadhi picha hiyo. Diski ikishatolewa, chombo kirudishwe pale pale, upige ya mwisho kabla ya kushona.