Kutunga Muziki wa Hatua ya Mchezo wa Video na Kuyapokea Maoni ya Wanaoukosoa

Wimbo wa kawaida una mwisho anaoupanga mtunzi, lakini muziki wa hatua ya mchezo wa video, yaani sehemu moja ambayo mchezaji huimaliza ndipo aende kwenye inayofuata, hauna urefu unaojulikana. Mchezaji hodari ataimaliza hatua kwa dakika mbili, na mwenzake ataanguka katika shimo lile lile kwa nusu saa nzima huku muziki ule ule ukimrudia masikioni. Nyingi ya lawama zinazoupata muziki wa aina hii huzaliwa na marudio hayo, si na ubovu wa wimbo wenyewe. Kwa hiyo mtunzi hana budi kuutunga, kuujaribu na kuutoa ukosolewe ukiwa ndani ya mchezo unaochezwa.

Kabla hujagusa kinanda, icheze hatua yenyewe, hata kama bado ni masanduku ya kijivu yasiyo na rangi wala mapambo. Kisha muulize msanifu wa mchezo mambo machache: mchezaji wa wastani anatarajiwa kukaa humo muda gani, ni sauti gani zitakazosikika mara kwa mara, na muziki utafanya nini mhusika akifa. Swali hili la mwisho husahaulika mno, ilhali ndilo linaloamua umbo la kipande chote. Ikiwa muziki unaanza upya kila mhusika anapokufa, basi sekunde ishirini za mwanzo zitasikika mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na utangulizi wa taratibu unaopanda kidogo kidogo utageuka kuwa adhabu. Ikiwezekana, mwombe mwandishi wa programu auache muziki uendelee mhusika anaporudi mahali pa kuanzia; kwake ni kazi ndogo, na kwa mchezaji ni nafuu kubwa.

Kasi ya mapigo itafutwe katika mwendo wa mhusika. Cheza hatua huku metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, ikilia, uipandishe na kuishusha mpaka kukimbia na kuruka kukubaliane na mapigo. Koji Kondo, aliyetunga muziki wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, alianza na kipande cha polepole kilichofuata toleo la awali la mchezo, kisha mchezo ulipobadilika akaona hakiendani tena na mwendo wa Mario, akakiongeza kasi na kukirekebisha. Katika mchezo huo huo muziki huenda mbio zaidi saa ya hatua inaposhuka chini ya 100, na hapo mchezaji hahitaji maandishi ya kumwambia kwamba muda unamwishia. Mbinu hiyo ilitangulia hata miaka hiyo: Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa na noti nne tu za besi zilizorudiwa, nazo zilizidi kasi kadiri wavamizi walivyopungua na kukaribia.

Kuhusu melodi, ushauri wangu ni kuipumzisha. Mzunguko, yaani kipande kinachorudiwa tangu mwanzo kila kinapoisha, wa dakika moja na nusu hadi mbili, wenye sehemu tatu ambazo moja yake haina melodi kabisa, huvumilika kuliko mzunguko wa sekunde thelathini uliojaa melodi tamu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu utamu ndio unaochosha upesi. Usimalize mzunguko kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya nyumbani, ile iliyojengwa juu ya noti ya kwanza ya skeli, kana kwamba wimbo umekwisha. Uache kwenye kodi ya tano, iliyojengwa juu ya noti ya tano, ili kurudi mwanzo kuonekane kuwa jibu. Tazama pia masafa ya hezi 2,000 hadi 4,000, ambako sikio la binadamu ni jepesi sana kunasa sauti. Hapo ndipo zinapokaa konsonanti nyingi za maneno na milio mingi ya kuokota vitu na kugonga adui, na filimbi au kengele inayoishi humo muda wote itagombana nayo.

Kiungo cha mzunguko ni mahali ambapo kazi nzuri huharibikia. Tuseme kasi ni mapigo 120 kwa dakika na kila kipimo kina mapigo manne: kipimo kimoja ni sekunde 2 kamili, vipimo 32 ni sekunde 64, na faili ya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti ambavyo kompyuta huvihifadhi) 48,000 kwa sekunde inapaswa kuwa na sampuli 3,072,000, isizidi wala kupungua. Ukikata kwa macho, utasikia mguno mdogo kila mzunguko unapoanza upya. Tatizo la pili ni mkia wa mwangwi: noti ya mwisho ikiwa bado inafifia, kukata ghafla huacha pengo linalosikika. Dawa yake ni kupanga mzunguko mara mbili mfululizo katika programu ya kurekodia, kisha kuhifadhi mzunguko wa pili peke yake, kwani mwanzo wake tayari umebeba mkia wa ule wa kwanza. Hifadhi kwa WAV au OGG. Faili za MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni na mwishoni wakati wa kusimbwa, na kimya hicho hukivuruga kiungo ulichokihangaikia.

Michezo mingi huutaka muziki ubadilike kufuatana na hali, kwa mfano ngoma ziingie adui anapotokea. Njia rahisi ni kuandaa matabaka, yaani vikundi vya vyombo vilivyohifadhiwa kila kimoja katika faili yake, yenye urefu sawa kabisa yanayoanza kwa pamoja, kisha mchezo upandishe au ushushe sauti ya kila tabaka. Wazo la muziki unaoufuata mchezo ni la zamani. Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya michezo ya LucasArts waliunda mfumo wa iMUSE, uliotumika katika mchezo wa Monkey Island 2 mwaka 1991. Hata hivyo, usiongeze tabaka la pili kabla la kwanza halijavumilika likiwa peke yake.

Muziki ukiwa tayari kusikilizwa na wengine, usitume faili tupu. Atakayeisikiliza ameketi, hedifoni masikioni, ataipima kama wimbo wa kawaida, atataka kiitikio kikubwa zaidi, na ukimtii utapata kipande kinachomvuruga mchezaji. Mpe mchezo, mwache acheze, ukae pembeni. Akipunguza sauti, andika ni dakika ya ngapi. Kitendo hicho kina ukweli kuliko sifa atakazokupa baadaye kwa adabu. Badala ya kumuuliza kama ameupenda, muulize ni sauti gani aliyotamani inyamaze.

Maoni mengi huja yakiwa na sehemu mbili, malalamiko na pendekezo, nazo hazina uzito sawa. Chukua mchezaji anayesema kwamba muziki wa pangoni unamuumiza kichwa na kwamba upunguzwe kasi. Maumivu ni yake na hayana ubishi, lakini kasi ni dhana yake tu. Ukimuuliza yanaanzia wapi, huenda akakuonyesha sehemu ambako kengele inagonga kila pigo kwa nguvu ile ile, vipimo kumi na sita bila kupumua. Itoe kengele katika nusu ya sehemu hiyo, nusu iliyobaki uigonge kwa nguvu tofauti tofauti, na kasi iache ilivyo. Mkurugenzi wa mchezo akisema muziki hauendani na hatua, usianze kutetea kodi zako. Muulize mchezaji ahisi nini mahali hapo, kwa kuwa mchezo ni wake na huenda anaona hatari pale ulipoona furaha. Wanamuziki wenzako watakosoa mfuatano wa kodi, jambo ambalo wachezaji hawana habari nalo, ingawa masikio yao yanafaa sana kukagua usawa wa vyombo. Mmoja akidai besi imezidi na mwingine akidai haipo, ulizia vifaa kwanza: spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi nzito, na huenda wote wawili wanasema kweli.

Jibu lako liwe fupi na lisitoke ukiwa bado na hasira. Shukuru, taja utakachobadilisha, taja usichobadilisha na sababu yake. Neno “mbaya” lisilo na maelezo lipite, isipokuwa likitoka kwa watu kadhaa kuhusu hatua ile ile. Badilisha jambo moja kwa kila toleo, na unapolinganisha toleo jipya na la zamani sawazisha ukubwa wa sauti zao, maana lenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama halina ubora wowote. Idadi ya marekebisho ikubaliwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na kila toleo lihifadhiwe kwa namba na tarehe, kwa kuwa si ajabu mkurugenzi aliyelikataa toleo la pili akaliomba tena baada ya kulisikia la tano.