Sekamu ya Kuku: Kinyesi cha Kahawia na Kinyesi cha Damu

Mfugaji wa Muheza au Pangani anayefagia banda asubuhi hukuta vinyesi vya aina mbili: vingi vilivyoshikana na vyenye weupe juu, na vichache vya kahawia, laini, vinavyonata na kunuka vikali. Wengi hudhani hivi vya pili ni kuhara, wakakimbilia duka la dawa. Hapana, vinatoka kwenye sekamu, yaani vifuko viwili vyembamba vilivyoziba upande mmoja, vilivyopo pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, na kuonekana kwake ni dalili ya afya.

Chembe laini za chakula na majimaji, ukiwemo mkojo unaorudi kutoka sehemu ya haja, huingia humo. Bakteria huchachusha mabaki yaliyoshindikana kwingine, asidi zinazopatikana humwongezea kuku nguvu, na maji pamoja na chumvi hufyonzwa tena, jambo lenye uzito mkubwa katika joto la mwambao wetu.

Sekamu hiyohiyo hushambuliwa na koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na kimelea Eimeria tenella, nao huua vifaranga haraka, hasa wa wiki 3 hadi 6. Ukiona damu mbichi kwenye maranda, vaa glavu umpasue aliyekufa: sekamu iliyoathirika huwa imevimba, imegeuka nyekundu iliyoiva, na ndani imejaa damu au mabonge yake.

Mayai ya kimelea hicho hutoka na kinyesi, lakini hayaambukizi mpaka yakomae, na penye joto na unyevunyevu hukomaa kwa takriban siku 2. Kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, ni wakati wa hatari. Dawa nyingi za kusafishia banda hazipenyi ganda la mayai hayo. Kinga ya kutegemea ni ukavu. Inua vinyweshea vilingane na mgongo wa kuku, ziba makuti yanayovuja, na maranda yaliyoloa yatolewe siku hiyohiyo bila kungoja usafi wa mwisho wa wiki.

Kundi likishaugua, pata ushauri wa afisa mifugo wa kata, kisha wape kuku wote amproliamu kwenye maji kwa kipimo cha kibandiko, kwani mgonjwa huendelea kunywa hata akiacha kula. Vitamini zenye B1 zisitolewe mpaka dozi iishe, kwa sababu dawa hii hukidhoofisha kimelea kwa kukizuia kupata vitamini hiyohiyo.