Mnyama mkubwa kando ya barabara: jinsi ya kumjenga asimame na atambulike

Kabla hujanunua nondo hata moja ya sanamu kubwa ya mnyama ya kuwavutia wasafiri wasimame, piga hesabu ya sekunde. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Mnyama wako akianza kuonekana kutoka mita 400, dereva ana sekunde 14 za kumwona, kumtambua, kubishana na waliomo garini, kuamua kusimama na kupunguza mwendo. Katika sekunde hizo haoni kope wala manyoya. Anaona umbo tu, limesimama mbele ya anga. Kazi yangu ni kuchomelea na kupiga lipu wanyama wa aina hii, na wateja huniletea picha zenye kila unywele. Mimi huwaomba kwanza wanichoree kivuli cha mnyama, yaani umbo lake jeusi tupu.

Anayebisha namwonyesha fahali wa Osborne wa Hispania. Alibuniwa mwaka 1956 kuwa tangazo la brandi. Sheria ilipoyasukuma mabango mbali na barabara, akakuzwa hadi mita 14. Mwaka 1988 matangazo ya kando ya barabara kuu yakapigwa marufuku, maandishi yakafutwa, akabaki bamba jeusi tupu lenye vyuma vya kulishikilia kwa nyuma. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua asiondolewe. Hana jicho, hana jina, na hakuna anayemdhania punda.

Basi finyanga mfano wa udongo, moja kwa kumi. Mnyama wa mita nane atakuwa na sentimita 80. Upake rangi nyeusi yote, uuweke juu ya meza mahali peupe, kisha urudi nyuma hatua arobaini ndefu, kama mita 40. Hapo unamwona vilevile atakavyoonekana mkubwa kutoka mita 400. Mwite mtoto ambaye hajaambiwa kitu, umuulize ni mnyama gani. Akisita, rudi kwenye udongo: refusha masikio, nenepesha nundu, inua mkia utoke mwilini. Usiendelee mpaka mtoto ajibu bila kufikiri.

Kuhusu mnyama wa kuchagua, ushauri wangu ni mfupi: mnene, miguu mifupi, au aliyeketi. Chura, kobe, bata na kondoo mwenye sufu nyingi wanaikubali saruji. Kondoo wa Goulburn, Australia, ana urefu wa mita 15 na duka tumboni, na sufu yake ya mikunjo mikunjo inaficha kila kiungo ambacho fundi hataki kionekane. Twiga kila mtu anamtaka. Mimi namkubali tu mwenye mali akiniruhusu kumsimamisha akila majani ya mti, ili mti wa chuma umshike shingo. Kangaruu na dinosaria ni rahisi kwa sababu mkia ni mguu wa tatu.

Mahali pa kumweka pana mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza ni jinsi anavyoelekea. Wengi humlaza sambamba na barabara, na dereva anayekuja anaona makalio au pua tu. Mgeuze aitazame barabara, mwili ukikatiza, ndipo wanaotoka pande zote mbili wauone ubavu. La pili ni maegesho. Yawepo kabla ya mnyama, mbali na kona na kilele cha mlima, na njia ya kuingilia iwe ndefu kiasi cha gari kupunguza mwendo likiwa limeshatoka barabarani. Kibali cha mamlaka ya barabara na cha ujenzi ni lazima, na uulize kabisa kama kuna mpango wa kuihamisha barabara yenyewe. Huko Goulburn barabara kuu ilipoanza kuuzunguka mji mwaka 1992, wageni walipungua, na mwaka 2007 kondoo mzima akabebwa kupelekwa karibu na njia mpya.

Sasa malighafi. Jimbo la North Dakota, Marekani, lina majibu mawili kando ya barabara kuu moja. Nyati wa Jamestown, aliyejengwa mwaka 1959, ni wa zege, ana kimo cha karibu mita 8 na uzito wa tani 60 hivi. Ng'ombe wa New Salem, wa mwaka 1974, ni wa faibaglasi, anazidi mita 11 na uzito wake ni kama tani tano na nusu. Faibaglasi hutengenezwa karakanani vipande vipande na kuunganishwa pale pale; ni nyepesi na ina sura nzuri, ila inataka kalibu, resini (gundi inayoganda ikawa ngumu) na fundi wake maalumu. Plasta ya jasi usiiguse. Bata bukini wa Wawa, Kanada, alisimamishwa mwaka 1960 kwa plasta juu ya waya, hali ya hewa ikamla, na kufikia 1963 ilibidi awekwe mwingine wa chuma.

Mimi hutumia saruji juu ya wavu, na hapa nitakaa kidogo. Ule mfano wa udongo ukate kwa waya mwembamba kuanzia pua hadi mkia, kipande kila sentimita 5. Kila kipande kiweke kwenye karatasi yenye miraba, kizungushie penseli. Kisha chora umbo hilo, likiwa kubwa mara kumi, kwa chaki kwenye sakafu, ukunje nondo ya milimita 8 au 10 juu ya ule mstari mpaka ilale juu yake bila kupepesuka. Hiyo ni ringi moja. Ringi zinasimamishwa kila nusu mita juu ya mifupa ya bomba nene, na mifupa hiyo ishuke ndani ya miguu mpaka kwenye msingi. Mifupa na msingi avihesabu mhandisi, siyo mimi wala wewe. Ubavu wa ng'ombe wa mita nane ni tanga, upepo unausukuma mchana na usiku.

Juu ya ringi funga nondo nyembamba za urefu, halafu wavu wa kuku tabaka kadhaa, ndani na nje, uliobanwa kwa waya wa kufungia mpaka ukiubonyeza kwa kidole gumba usicheze. Saruji moja kwa mchanga miwili uliochekechwa, maji machache: ukiufinya mkononi ushikane bila kuchuruzika. Mmoja anakandamiza kwa mwiko kutoka nje, mwenzake yuko tumboni na taa, anapokea na kusawazisha saruji inayopenya. Yule wa ndani ndiye ninayemlipa vizuri, kwa sababu penye tundu tupu ndipo kutu itaanzia. Pigeni sehemu nzima siku hiyo hiyo, msiiache katikati ya shingo. Kisha magunia yaliyolowa, wiki nzima au zaidi, yasikauke hata saa sita mchana.

Toboa matundu ya kutolea maji tumboni, kidevuni na kwenye kwato. Puani acha uwazi wa hewa uliozibwa kwa wavu, la sivyo njiwa watahamia. Chini ya tumbo weka mlango wa kufungwa. Pembe zikiwa za chuma na ndiye mrefu kuliko vyote eneo hilo, awe na waya wa radi mpaka ardhini.

Jicho usilichore, lichimbe. Shimo lenye kivuli linaonekana mbali, rangi haionekani. Kama unataka lingae, iga bata wa Flanders, New York, aliyejengwa mwaka 1931 na mfugaji wa bata: macho yake ni taa za nyuma za gari la Ford. Kichwa kizidishe ukubwa kidogo, maana anayetazama kutoka chini hukiona kidogo kuliko kilivyo.

Rangi isubiri siku 28 saruji ikomae. Nyekundu kali hupauka upesi juani. Rangi za udongo, yaani kahawia, manjano iliyofifia na wekundu wa matofali, hudumu. Na watoto watapanda, hata ukiweka bango. Ama uwatengenezee mguu wa kupandia wenye mchanga laini chini, ama uhakikishe hakuna pa kushika mpaka juu ya mita mbili na nusu.

Kila mwaka, mvua zikiisha, mzunguke na nyundo ndogo ukimgonga polepole. Panapolia kizito ni pazima. Panapolia kama debe, ngozi imeachana na wavu: chonga mpaka ufike kwenye waya, sugua kutu, lowesha, ukandamize saruji mpya siku hiyo hiyo. Anzia kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu maji yote ya mgongoni huishia hapo.