Shotigani moja kwa visahani na fezanti: ninavyoichagua hapa Iowa

Ukikaa Iowa muda wa kutosha, mwenzako wa kazini atakualika klabu kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na ikikaribia Oktoba atakuuliza kama una leseni ya kuwinda fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku. Hapo ndipo simu huanza kuniingia kutoka kwa Waswahili wenzangu wa Cedar Rapids na Des Moines: "Dada, ninunue shotigani gani?" Wengi wana pesa ya bunduki moja tu ya aina hiyo, inayotawanya marisau, yaani vigololi vidogo vingi kwa kila mfyatuo. Huwajibu kwamba moja inatosha kabisa, mradi uichague kwa mwili wako kwanza, halafu kazi inayobaki uiachie choki (kibano cha mdomo wa mtutu) na risasi.

Naanza na mwili kwa sababu watu wengi huanza na jina la kampuni. Mimi ni mfupi, mita moja na sentimita 58, na bunduki nyingi za rafuni zimetengenezwa kwa mwanamume mrefu. Dukani, mwombe muuzaji aifungue. Tazama chemba, mahali risasi hukaa, kwa macho, ingiza na kidole, uhakikishe ni tupu. Kisha elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, iweke begani kama vile ndege ameruka, shavu likilala kwenye kitako. Fumbua. Unatakiwa kuiona shanga ya kulengea mbele yako, na ukanda wa juu ya mtutu uonekane kidogo tu. Ukiona sehemu ya nyuma ya bunduki imeziba shanga, kitako kiko chini mno kwa uso wako. Ukiona ukanda mwingi kama barabara inayopanda, kiko juu mno na utapiga juu ya shabaha. Kati ya pua na kidole gumba cha mkono unaofyatua pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Kitako cha kawaida kina urefu wa inchi 14 na kidogo; mimi natumia cha 13, na bega langu halivimbi.

Jua pia jicho lako linalotawala. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linalolenga. Ukiwa wa mkono wa kulia na jicho la kushoto, mwambie mwalimu wa klabu kabla hujanunua chochote, maana huenda ukahitaji kujifunza bega la kushoto.

Sasa aina. Za pampu, ambazo unavuta na kusukuma mkono wa mbele kuingiza kila risasi, ni rahisi na ngumu kuharibika. Remington 870 imekuwepo tangu 1950. Lakini kwenye visahani utapiga risasi 25 kwa raundi, na raundi moja huzaa nyingine, na pampu nyepesi hupiga teke kali. Ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ndiyo inayopendwa viwanjani: ukiikunja wazi kwenye bawaba kila mtu anaona kutoka mbali kwamba ni salama, na kila mtutu unaweza kuwa na choki yake. Ninaiheshimu sana. Ila Browning Citori mpya hupita dola 2,000, na za bei ya chini sana za muundo huo huanza kulegea bawaba mapema.

Kwa bunduki moja tu, mimi nachagua nusu otomatiki inayoendeshwa kwa gesi, ya jamii ya Beretta A300. Sehemu ya gesi ya risasi hutumika kusukuma mitambo, kwa hiyo teke linalofika begani hupungua. Nyingi huja na vipande vya kuinua, kushusha au kurefusha kitako, na hilo kwa mtu wa umbo langu lina thamani kuliko nakshi zote za ubavuni. Gharama yake ni usafi: gesi huacha masizi, na usiposafisha itaanza kukwama. Nyingine hukataa risasi nyepesi za gramu 24, hivyo ijaribu na risasi utakazonunua kweli. Klabuni iache wazi, uweke bendera ya chemba, kipande cha rangi kinachoonyesha kwamba ni tupu, na ufunge kizuizi cha maganda, la sivyo yatamwangukia aliye kulia kwako.

Geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, ni 12. Geji 20 ni nyepesi na tamu kuibeba porini, lakini risasi za 12 zinapatikana kila mahali na kwa uzito mwingi zaidi, kuanzia gramu 24 za visahani hadi zile nzito za bata. Chemba ya risasi za urefu wa inchi 3 inatosha. Ya 3 na nusu ni ya watu wa mabata bukini. Mtutu wa inchi 28 huenda vizuri uwanjani bila kukusumbua kwenye nyasi ndefu. Uzito wa karibu kilo 3.2 ni wa kati: nyepesi zaidi itakuumiza klabuni, nzito zaidi itakuchosha mchana mzima wa kutembea.

Hakikisha mtutu una choki za kufungua na kufunga, maana hapo ndipo bunduki moja inapokuwa tatu. Choki ni kipande kinachobana mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike upesi. Kwa skiti, mchezo wa visahani ambako kisahani hukatiza karibu, mita 20 hivi, weka iliyo wazi kabisa. Kwa trapu, mchezo mwingine wa visahani, kisahani kinakukimbia na mara nyingi utakipiga kikiwa mita 30 au zaidi, hivyo weka ya kati au iliyobana. Marisau namba 8 au 7 na nusu yanatosha kwa vyote viwili; namba ikiwa ndogo, marisau ni makubwa.

Fezanti ni kazi nyingine. Kwetu Singida kanga hupenda kukimbia kabla ya kuruka, na fezanti ana tabia hiyohiyo. Mwanzoni mwa msimu, mbwa akiwa karibu, huruka miguuni pako. Choki iliyobana kidogo inatosha, na marisau namba 6 au 5. Kufika Desemba, waliobaki wamekwisha kuwa wajanja na huruka mbali, basi nahamia choki ya kati. Kisheria unaruhusiwa majogoo tu, watatu kwa siku, na lazima uvae rangi ya chungwa inayong'aa.

Kwenye bata marisau ya madini ya risasi (lead) ni marufuku nchi nzima tangu 1991. Hivyo hivyo kwenye maeneo mengi ya umma yenye madimbwi. Tumia marisau ya chuma, na kwa kuwa chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi, panda namba mbili kwa ukubwa: palipokuwa na 6 weka 4. Usiyapitishe kwenye choki iliyobana sana. Soma maandishi ya choki yenyewe. Kwa ndege wahamao, njiwa wakiwemo, bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, kwa hiyo usitupe kile kizibo cha mbao au plastiki kilichokuja nayo.

Kuhusu sheria: dukani utajaza fomu na kuchunguzwa rekodi zako. Mwenye viza ya muda ana masharti yake tofauti, aulize mapema kabla hajaigusa. Na aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 lazima amalize kozi ya usalama wa uwindaji ndipo auziwe leseni ya Iowa. Nyumbani, bunduki kwenye kabati la kufuli, risasi kwenye kufuli jingine.

Ukishainunua, weka karatasi kubwa umbali wa mita 36, piga risasi moja katikati, kisha chora duara la sentimita 76 pale marisau yalipojaa. Fanya hivyo kwa kila choki na kila aina ya risasi, kwa sababu maandishi ya boksi hayajui mtutu wako. Andika matokeo. Usipige kamwe bila choki ndani, utaharibu nyuzi za mdomo wa mtutu, na kila ukisafisha fungua choki, ipake grisi kidogo, uirudishe. Ikikaa msimu mzima hushika kutu na kuitoa kutahitaji fundi.