Gari ya manyuo: malizana kwanza na mguu wa kushoto

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha, na karibu kila anayekuja kuanza hofu yake ni gia, ataziweza vipi gia. Gia utazikariri jioni moja. Kinachokuzimia gari ni mguu wa kushoto, ndo maana hapa ntakaa sana kwenye klachi, ile pedeli ya kushoto, na mengine ntayapitia juu juu.

Jua kwanza kinachoendelea huko chini. Injini ikiwa imewaka na hujakanyaga mafuta inazunguka kama mara 800 hivi kwa dakika, matairi yenyewe yamesimama tuli, na klachi ndo inayowakutanisha hao wawili. Ukiachia ghafla unakifunga kitu kinachozunguka kwenye kitu kilichoganda, injini inazidiwa, inakata. Ukiachia pole pole, pleti ya klachi inateleza kidogo kwanza, matairi yanaanza kuamka, mwendo unalingana, ndo inashika mazima.

Hatua ya 1: injini imezimwa, hendibreki juu
Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi mwisho goti libaki limekunjika kidogo, usinyooshe mguu kama unasukuma ukuta. Vaa kiatu cha soli nyembamba, mabuti mazito utayavaa ukishazoea. Alafu kanyaga klachi na uzungushe gia zote, moja mpaka ya mwisho na kurudi, macho yako mbele, sio kwenye mkono. Usikabe kirungu cha gia, kisukume kwa kiganja tu, chenyewe ukikiacha nyutro, yaani bila gia yoyote, kinajirudisha katikati, kwenye usawa wa tatu na nne. Kwa hiyo kutoka mbili kwenda tatu unatoa, unakiachia kijirudishe, unapandisha. Wanaovuta kwa nguvu wanaishia kuingiza moja wakidhani ni tatu. Rivasi angalia mchoro wa gari yako, nyingine unabonyeza kirungu chini, nyingine unanyanyua kipete.

Hatua ya 2: kutafuta balansi bila mafuta
Hii ndo hatua yenyewe, ukiiruka utanikumbuka. Tafuta sehemu tambarare, wazi, isiyo na watu. Klachi chini yote, mguu wa kulia kwenye breki, washa, ingiza moja, shusha hendibreki. Angalia pande zote, toa mguu kwenye breki, mafuta usiyaguse kabisa. Sasa anza kupandisha klachi kidogo kidogo, kisigino kikiwa sakafuni kama mguu unafika, maana mguu unaoning'inia hewani unatetemeka. Mwanzoni hakuna kitu. Pandisha. Bado. Alafu ghafla utasikia sauti ya injini inakuwa nzito, kamtetemo kanakuja kwenye usukani, mshale wa mizunguko unashuka kidogo na pua ya gari kama inataka kuinuka. Hapo ndo kwenye balansi. GANDA hapo hapo.

Gari itaanza kutambaa, na hapa sasa ndo wengi wanapoharibu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, gari ikisogea tu anashangilia "imeenda!", na mguu nao unashangilia, unaruka juu, pwaa, imezima. Kila mara hivyo hivyo. Nikamwambia ikisogea hesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, ndo umalizie kuachia. Siku ile ile akaacha kuzima. Rudia hivyo hata mara ishirini, unaenda mita chache, klachi chini, breki, unasimama, unaanza upya. Gari nyingi kwenye tambarare zinatambaa bila mafuta, kwa hiyo usiwe na haraka ya kukanyaga.

Na ikizima? Klachi, breki, nyutro, washa. Haijaharibika.

Hatua ya 3: ongeza mafuta
Kanyaga kidogo mshale ufike kama 1,500, ubaki hapo, alafu fanya yale yale ya klachi. Injini ikilia kwa nguvu na gari haiendi unachoma klachi, na harufu yake utaijua tu, kama mpira ulioungua.

Hatua ya 4: kubadili gia
Ikifika kama kilomita 15 au 20 kwa saa, toa mafuta na kanyaga klachi kwa pamoja, ingiza mbili, achia klachi taratibu, rudisha mafuta. Juu ya hapo skiliza injini, ukiona imefika 2,000 mpaka 2,500 pandisha, ikianza kukoroma na kutetemeka shusha. Kushusha nenda gia moja moja mpaka uzoee, maana ukitoka tano ukaangukia mbili badala ya nne ukiwa spidi, injini inaweza kufa.

Hatua ya 5: kusimama
Breki kwanza, klachi baadaye gari ikikaribia kusimama. Wanafunzi wengi wanakanyaga klachi mapema kwa kuogopa kuzima, kumbe wameshaikatia injini nafasi ya kusaidia breki, gari inaserereka yenyewe. Mteremkoni ndo hatari kabisa, breki zinafanya kazi peke yake mpaka zinachemka. Shuka na gia ya chini, tena usiweke nyutro eti unabana mafuta.

Hatua ya 6: mlimani
Hendibreki juu, moja, mafuta kidogo zaidi ya kawaida, klachi mpaka kwenye balansi. Ukiona pua inainuka na gari inataka kwenda lakini imeshikiliwa, shusha hendibreki pole pole. Ikirudi nyuma hujafika kwenye balansi, kanyaga breki uanze upya. Usiishikilie gari mlimani kwa klachi kwenye foleni, na ukiwa unatembea mguu wa kushoto usiupumzishe juu ya pedeli, unaila klachi kidogo kidogo bila kujua.

Ukipaki, hendibreki juu na uache gia ndani, moja kama pua inaangalia mlima, rivasi kama inaangalia mteremko. Ila kesho yake kabla ya kuwasha kanyaga klachi, maana ukisahau gari inaruka mbele au nyuma na aliyesimama karibu ndo atakayeipata.